Jinsi ya kuandaa andiko la tuzo ya kimataifa ya utumishi wa umma

Ofisi nyingi za umma hapa kwetu zinafanya kazi ya kupigiwa mfano, halafu andiko la tuzo linaandikwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho na kijana aliyeambiwa, "Wewe Kiingereza chako kizuri, jaza hiyo fomu." Huu ndio utaratibu ninaoutumia ninaposaidia halmashauri na hospitali.

Hatua ya 1: Chagua tuzo inayokuhusu

Tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Utumishi wa Umma imekuwa ikitolewa tangu 2003, na inakwenda na Siku ya Utumishi wa Umma, Juni 23. Inatambua mradi wa taasisi, kwa hiyo usiijaze sifa za mkurugenzi. Ukiwa na kifaa ulichobuni mwenyewe, tazama Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Mshindi wake wa kwanza, 2015, alikuwa Mtanzania, Dk. Askwar Hilonga, kwa chujio la maji linalotumia mchanga na chembechembe za nano. Ile ya Mo Ibrahim iache: ni ya marais na wakuu wa serikali waliokwisha kung'atuka, na hata wao hawaiombi.

Hatua ya 2: Hakikisha si biashara

Ukipata barua pepe ya "Hongera, umeteuliwa" kwa tuzo ambayo hukuiomba, na nyuma yake inakuja ankara ya meza ya chakula cha usiku, futa. Tuzo ya Umoja wa Mataifa haina ada ya kuomba.

Hatua ya 3: Tafuta takwimu za kabla

Hapa ndipo maandiko mengi yanapofia. Kila mtu ana picha za uzinduzi, utepe na mgeni rasmi. Wachache wana rekodi inayoonyesha hali ilivyokuwa kabla ya mradi. Kwa hospitali, nenda kwenye vitabu vya MTUHA, yaani vya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kwa ofisi ya ardhi, chukua majalada ya zamani, linganisha tarehe ya maombi na tarehe ya hati kutoka. Ni kazi ya vumbi, na mtunza kumbukumbu atakununia, lakini chukua miezi ileile ya kabla na baada. Ukilinganisha masika na kiangazi kwenye zahanati, msomaji makini atajua malaria ndiyo iliyopungua, si foleni.

Kama takwimu za kabla hazipo kabisa, subiri. Anza kupima leo, uombe msimu ujao.

Hatua ya 4: Andika kwa macho ya mwananchi

Jaji hatafika kwenye kituo chako kabla ya kusoma; anachokijua ni kile ulichoandika. Mfano wa sentensi ninayoikuta mara kwa mara: "Mfumo wetu umeleta mapinduzi makubwa katika utoaji wa huduma bora." Haisemi kitu. Tuseme ni zahanati, ningeiandika hivi: "Zamani mama aliyefika na mtoto saa 12 asubuhi alimwona daktari saa 4. Sasa anamwona kabla ya saa 2, na daftari la mapokezi linaonyesha hivyo." Weka namba zako za kweli, na uambatishe ukurasa wa daftari ukiwa umefuta majina ya wagonjwa.

Huduma Kenya, iliyoshinda tuzo hiyo ya Umoja wa Mataifa 2015, wazo lake unaweza kulieleza kwa pumzi moja: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha tabia njema chini ya paa moja, badala ya kuzunguka ofisi moja hadi nyingine. Lako likihitaji aya tatu, bado hujalielewa.

Taja pia kilichokwama na mlivyokitatua. Wakubwa hawapendi sehemu hii. Pambana ibaki.

Hatua ya 5: Mpe mtu wa nje asome

Mwalimu wa jirani anafaa kuliko mtaalamu mwenzako. Pale atakapouliza "hii nini?", andika upya.

Hatua ya 6: Tuma kwa anwani ya ofisi

Fungua akaunti kwa barua pepe ya taasisi, na nywila ijulikane na watu wawili. Waandaaji huweza kurudi na maswali miezi kadhaa baadaye, na afisa aliyejaza fomu huenda ameshahamishiwa wilaya nyingine na nywila yake kichwani.