Kwa nini ni er weiß na sio er weißt
Mnaojifunza Kijerumani, hii ya wissen, yaani kujua, itawasaidia sana. Vitenzi vya kawaida nafsi ya tatu umoja inachukua t mwishoni, er macht, er kommt, ila wissen inakataa kabisa: ich weiß, du weißt, er weiß, halafu wingi wir wissen, ihr wisst, sie wissen. Sababu ni ya zamani mno, weiß ilikuwa umbo la wakati uliopita, "nimeona", na aliyeona si ndo anajua, mzizi wake ni mmoja na videre (kuona) ya Kilatini. Sasa cheki sehen (kuona) ikiwa wakati uliopita: ich sah, er sah, hamna t hapo pia! Kwa hiyo usiikariri peke yake, iweke fungu moja na können (kuweza), müssen (kulazimika), dürfen (kuruhusiwa), mögen (kupenda) na sollen (kupaswa), zote zimepita njia hiyohiyo, ich kann er kann, ich muss er muss, na irabu ya umoja inabadilika ukienda wingi, sollen tu ndo haibadiliki. Wollen (kutaka) nayo inaenda hivyohivyo japo asili yake tofauti. Ukitaka kusema ulijua: ich wusste, au ich habe gewusst.