Kabla ya kwenda dago, hesabu vidonge

Mvuvi wa Kizingitini, Lamu, anayejiandaa kwenda dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, huanza na nyavu, petroli na barafu. Kama anatumia ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, chupa ya dawa ihesabiwe kabla ya hivyo vyote. Petroli ikiisha, chombo cha mwenzake kitamvuta. Vidonge vikimwishia kule upande wa Kiunga, nani atamwazima? Wala si vitu vya kuazimana.

Hesabu ndiyo inayowaponza wengi. Mtu husema atakaa siku 10, akabeba vidonge 10. Upepo nao una hesabu yake, hasa kusi ikishaanza kuchafua bahari kuanzia Aprili hivi. Akae na akiba ya wiki mbili juu ya siku alizopanga. Akiba hiyo haipatikani asubuhi ya safari. Aende kliniki mapema, hata kama tarehe yake haijafika, aseme wazi kuwa anakwenda baharini. Wapo wanaoona haya kuomba. Mimi naona muuguzi afadhali aombwe mapema kuliko kumtafuta mtu aliyepotea miezi miwili. Na kama kipimo cha wingi wa virusi kimekaribia, kifanywe hiyo hiyo safari ya kliniki.

Dawa zibaki kwenye chupa yake, pamoja na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu. Najua kwa nini watu huzimimina kwenye nailoni: chupa hulia kama kayamba, na chomboni kila sikio liko karibu. Basi aiviringishe kwenye kikoi, aitie ndani ya dumu linalofunga vizuri, kivulini, mbali na mashine na maji ya chumvi.

Saa ya kumeza isitegemee simu, maana chaji huisha. Aifunge na jambo lisilokosekana, kama sala ya isha. Kidonge kinachotumiwa na wengi siku hizi humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo Ramadhani mtu hukimeza akifuturu au wakati wa daku. Akisahau, akimeze mara akumbukapo. Siku ya pili asimeze viwili kufidia. Kidonge hicho kikiwa na ARV iitwayo dolutegravir, dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini zisimezwe nacho pamoja: kitangulie kwa saa 2, au kisubiri saa 6 baada ya dawa hizo.

Nani ajue? Mmoja yatosha, na amchague mwenyewe. Nahodha hana haki ya kuambiwa na mtu wa nyumbani kwa siri, hata kwa nia njema. Mke au ndugu aliyebaki anaweza kushika tarehe ya kliniki na kupiga simu mtandao ukishika.

Kadi ya kliniki aibebe. Dawa zikianguka majini, aende nayo kituo cha afya kilicho karibu, Kiunga au Faza, aeleze yaliyompata, asingoje mpaka chombo kirudi.