Shamba la familia Pemba: namna ya kuliwekea ushahidi kabla ya ugomvi

Somo hili ni kwa wakulima wadogo wa Pemba wanaolima muhogo, migomba na mpunga kwenye ardhi waliyoikuta kwa wazee wao, ardhi ambayo kijiji kizima kinajua ni yao lakini hapana karatasi inayosema hivyo. Mchele mwingi tunaoula visiwani unatoka nje, na bei inapopanda ni muhogo wa kondeni unaoivusha nyumba. Kwa hiyo anayenyang'anywa konde amenyang'anywa chakula cha watoto wake.

Hatua ya kwanza: ijue asili ya ardhi yako

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa chini ya Serikali, na sheria ya ardhi namba 12 ya mwaka 1992 imeuendeleza msingi huo: ardhi ni ya umma, na mwananchi huwa na haki ya kuitumia. Haki hiyo ina nguvu, lakini nguvu yake inategemea uliipataje. Ziko eka tatu, yaani kiasi cha hekta 1.2, walizogaiwa wakulima kuanzia mwaka 1965 wakati wa Mzee Abeid Amani Karume. Ziko ardhi za kiambo zinazorithiwa ndani ya ukoo. Ziko za wakfu, ambazo haziuzwi wala hazirithiwi. Na ziko za kuazima. Wengi wanaoshindwa kwenye kesi hushindwa hapa, kwa kudai kuwa ni urithi kitu ambacho babu yao alikiazima.

Hatua ya pili: tembea mpaka pamoja na wanaoujua

Hatua hii naisisitiza kuliko zote. Kwetu tulichelewa. Marehemu ami yangu ndiye pekee aliyejua mpaka wa upande wa bondeni, na siku aliyotutembeza alikwenda kwa mkongojo, akasimama penye majani makavu ya mikarafuu, akayafagia kwa ubapa wa panga mpaka likatokea jiwe jeupe lililozikwa nusu. "Kutoka hapa mpaka kwenye ule mbono," akasema. Hakuna aliyeandika. Alipofariki, ule mbono ulikuwa umeshang'olewa, na tulipoteza vipando viwili vya mpunga kwa sababu hatukuwa na kitu cha kuonesha ila maneno.

Basi waite majirani wa pande zote, mchukue mzee mmoja au wawili, mtembee asubuhi moja. Andika kila alama: jiwe, mbono, njia, mtaro wa maji. Chora ramani kwa mkono, majirani waweke saini au dole gumba, na picha zipigwe huku wamesimama penye alama. Karatasi hiyo si hati, lakini ni ushahidi ambao mzee akishazikwa hauwezi kupatikana tena.

Hatua ya tatu: andika ardhi mbali, miti mbali

Wageni hulishangaa hili, lakini kwetu linajulikana: ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja, na mkarafuu, mnazi au mwembe uliosimama juu yake ukawa wa mwengine. Hesabu miti, andika nani aliipanda na nani anachuma. Ikija barabara na fidia ikatajwa, daftari hilo ndilo litakalokusemea.

Hatua ya nne: maliza mirathi

Shamba la marehemu lisilogaiwa ndilo linalouzwa kimyakimya na mrithi mmoja. Lipeni madeni, tekelezeni wasia usiozidi thuluthi, kisha fuateni faraidhi, yaani mgao wa mirathi wa Kiislamu. Mkiona shamba ni dogo mno kukatwa, andikianeni hisa na mlilime kwa pamoja. Eka tatu zikikatwa vipande tisa hazimlishi hata mmoja wenu.

Hatua ya tano: kwa sheha, kisha Kamisheni ya Ardhi

Mpelekee sheha, kiongozi wa Serikali katika shehia yako, karatasi zako ili athibitishe kuwa anakujua na anaijua ardhi. Kutoka hapo nenda Kamisheni ya Ardhi uulizie upimaji, utambuzi na usajili. Omba stakabadhi kwa kila malipo, na usimwachie mtu karatasi yako ya asili, mpe nakala ya kivuli.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Micheweni: Assalaam alaykum mwalimu. Mume wangu amefariki na kuniachia watoto wanne. Ndugu zake wanasema shamba ni la ukoo, mimi nitoke.

Jibu: Waalaykum salaam mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ikiwa lilikuwa fungu la mumeo, wewe una thumuni yako, yaani sehemu moja ya nane, na watoto wana mafungu yao, binti akipata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Fungua mirathi Mahkama ya Kadhi. Wakishikilia kuwa ardhi hiyo haikuwa ya marehemu, huo ni ugomvi wa ardhi, na Mahkama ya Ardhi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 kwa ajili ya migogoro kama hiyo. Wakati unasubiri, endelea kulima.

Mwanachama wa Mtambwe: Nimeazimwa konde miaka kumi na mbili sasa. Naweza kupanda minazi?

Jibu: Ndugu yangu, muhogo na viazi panda. Mnazi usipande bila ya ruhusa ya maandishi, kwa kuwa mti wa kudumu kwetu huhesabiwa ni madai ya umiliki, na mwenyewe akiuona anaweza kukutoa siku hiyohiyo. Muombe mwandikiane hata muda wa kulima.

Mwanachama wa Ole: Mama anaumwa. Nataka kuuza kipande cha eka tatu za baba.

Jibu: Allah amponye mama. Eka tatu zilitolewa zilimwe, si ziuzwe, na uhaulishaji wowote wa kudumu wa ardhi, yaani kuihamishia kwa mtu mwengine, unapita kwenye Bodi ya Uhaulishaji; mapatano ya barazani hayatakulinda wewe wala mnunuzi. Kama kuna mikarafuu inayokaribia kuzaa, mkodishe mtu mavuno ya msimu mmoja tu, kwa maandishi, mbele ya sheha na warithi wenzako, na sehemu ya muhogo iache nje ya mapatano hayo.