Kumvuta shore uani bila kuwaalika kunguru

Shore ni ndege asiye na rangi za kutazamisha. Mwili ni wa kahawia iliyofifia, kichwa cheusi chenye kishungi kifupi, na chini ya mkia ana kiraka cha manjano ambacho wengi hawakioni. Lakini watu wakitoka msikitini kwa swala ya alfajiri, yeye kileleni ameshaanza kuimba.

Kumpata uani Mombasa si kazi. Kazi ni kunguru wa Kihindi, maana ndiye anayekula mayai na makinda ya ndege wadogo. Kwa hiyo usimwekee shore chakula mahali pa wazi. Kata kipande cha papai bivu, ukubwa wa kiganja, ukiliacha ganda. Toboa, pitisha uzi, kisha kitundike ndani ya bogenvilia iliyoshonana, kama nusu mita kutoka ukingoni. Shore, mwenye sentimita 18 hadi 20 tu, hupenya kati ya miiba. Kunguru ni mkubwa mara mbili, mbawa humzuia. Embe na ndizi zafaa vilevile. Mkate, wali na mabaki ya samaki hapana kabisa: kunguru akishaizoea nyumba, hatoki. Saa nne asubuhi ondoa kilichobaki, kwani joto hukichachusha na sisimizi hujaa.

Maji weka kwenye sahani ya udongo, kina sentimita 3, na jiwe katikati la kusimamia. Visima vingi hapa vina chumvi, basi mpe maji matamu. Badilisha kila siku, na ukingo wa sahani usugue kwa brashi: mbu wa homa ya dengi hubandika mayai yake hapo, kumwaga maji pekee hakuyatoi.

Msimu wa mvua weka mkasi chini. Tago lake ni kikombe chepesi cha nyasi na vijizizi, lina mayai 2 au 3, na tawi moja likikatwa kunguru huliona. Ukimwona shore akiingia kichakani na mdudu mdomoni, makinda yamo.

Makinda hutoka tagoni kabla ya kuruka vizuri, na hapo ndipo watu huyaokota wakidhani yametupwa. Kinda usimtie tunduni, sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kumfuga bila kibali. Mweke kwenye tawi la karibu, fungia paka ndani, uondoke. Wazazi hawarudi kumlisha ukiwa umesimama pale.