Kusoma chuo kikuu Uingereza huku unafanya kazi: ufadhili upo wapi na nani anaupata

Watu wetu wengi walioingia Uingereza wakiwa na miaka thelathini au arobaini, wakaanza kazi ya kea (kuhudumia wazee na wagonjwa), usafi au ghalani, huamini kwamba habari ya chuo kikuu iliisha siku walipoacha shule. Haikuisha. Nchi hii imesomesha watu wazima wanaofanya kazi kwa muda mrefu sana. Birkbeck, pale Bloomsbury katikati ya London, ilianzishwa mwaka 1823 kwa ajili ya mafundi, na inajulikana mpaka leo kwa masomo ya jioni. Open University yenye makao yake Milton Keynes ilipata hati ya kuanzishwa mwaka 1969. Hiyo husomesha kwa masafa, na kwa kozi zake nyingi za shahada ya kwanza haidai matokeo ya kidato chochote. Aliyewahi kusoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ataielewa haraka.

Kinachowakwamisha watu ni pesa, na zaidi ya pesa, ni kutafuta mahali pasipo. Wanasaka ufadhili wa kila kitu: ada, nyumba, nauli na posho juu. Kwa mtu mzima anayesoma huku anafanya kazi, ufadhili wa aina hiyo ni adimu. Uliopo huja kwa vipande: moduli moja bure, ada iliyosamehewa, basari ndogo ya kununulia kompyuta. Ukivijua na ukaviomba kwa mpangilio unaofaa, unaweza kufika mbali. Na kila kimoja utakachokiomba kitakuuliza karibu mambo yaleyale: una kibali gani cha kuishi, unaingiza kiasi gani kwa mwaka, na je, una shahada tayari?

Anza na kibali. Mwenye hadhi ya ukimbizi anaweza kuomba mkopo wa ada wa serikali bila kungoja miaka mitatu. Mwenye makazi ya kudumu anatakiwa awe ameishi nchini miaka mitatu kabla ya kozi kuanza. Mwenye visa ya kazi, na hapo ndipo walipo ndugu zetu wengi wa kea, anaruhusiwa kusoma, ila kwa kawaida mkopo huo haupati mpaka apate makazi ya kudumu, na vyuo vingi vitamtoza ada ya mgeni. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote, kiandikie chuo barua pepe uulize kama utahesabiwa mkazi au mgeni. Jibu lao litunze. La simu halitakusaidia mbele ya safari.

Anayesubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi ya ukimbizi hana haki ya mkopo, lakini kuna ufadhili uliowekwa kwa ajili yake hasa, na Wakongomani na Warundi wengi hawajui kama upo. Birkbeck ina Compass Project, Open University ina Open Futures Sanctuary Scholarship, na vyuo vingine vingi vimo katika mtandao wa Universities of Sanctuary, yaani vyuo vinavyowapokea wakimbizi na wanaoomba hifadhi. Nafasi ni chache, na dirisha la maombi hufunguliwa kwa muda mfupi. Kabla ya yote soma barua yako ya Home Office (wizara ya mambo ya ndani), kwa sababu wako waliowekewa sharti la kutosoma. Ukiliona sharti hilo, nenda kwa wakili wako kwanza.

Sasa kipato. Kwa anayeishi England, pa kuanzia napendekeza pawe moduli za Access za Open University, yaani kozi fupi za kumwandaa mtu kwa shahada. Moduli moja ina krediti 30 (krediti ni kipimo cha ukubwa wa kozi), na mwenye kipato kisichozidi pauni 25,000 kwa mwaka anaweza kuisoma bila kulipa. Nazipenda kwa sababu mkufunzi huzungumza nawe kwa simu, wewe na yeye tu, juu ya kazi uliyoiandika. Kwa mtu ambaye hajaandika insha ya Kiingereza tangu sekondari, msaada huo ni mkubwa. Pia utajipima: krediti 60 kwa mwaka zinataka saa kama 16 hadi 18 kwa wiki, na ukienda kwa mwendo huo shahada ya krediti 360 itakuchukua miaka sita. Ni afadhali mtu wa zamu za usiku alijue hilo akiwa bado hajaingia kwenye ada ya zaidi ya pauni 3,500 kwa krediti 60.

Walio Scotland wana nafuu kubwa zaidi. SAAS, idara ya serikali inayoshughulikia fedha za wanafunzi, hutoa Part-Time Fee Grant kwa anayesoma krediti 30 hadi 120 kwa mwaka na ambaye kipato chake hakizidi pauni 25,000. Hairudishwi. Na kinachoangaliwa ni kipato chako wewe, si cha mume au mke, kwa hiyo mama wa Glasgow ambaye mumewe analipwa vizuri asijitoe mapema.

Ushahidi wa kipato ni P60, karatasi ambayo mwajiri anatakiwa akupe kabla Mei haijaisha. Ukifanya kazi kwa mawakala wawili, utakuwa nazo mbili na zote zitajumlishwa. Shifti za ziada za Krismasi zimewavusha watu kikomo kwa mamia machache tu ya pauni. Kama una nia ya kuomba, piga hesabu hiyo mwezi Januari, mwaka wa kodi ukiwa bado haujafungwa tarehe 5 Aprili.

Kuhusu shahada ya nyumbani, usiifiche. Mwenye shahada ya Makerere, Nairobi au Dar es Salaam kwa kawaida hapewi mkopo England wa kusomea shahada nyingine ya ngazi ileile. Lakini ipo misamaha, ikiwemo ya uhandisi na kompyuta kwa wanaosoma kwa muda (part-time). Ulizia msamaha huo badala ya kuandika kwamba uliishia kidato cha nne.

Kwa Waislamu kuna suala la riba, nalo ni zito, nisingependa lipitwe. Mkopo wa England kwa walioanza kuanzia Agosti 2023 hukatwa asilimia 9 ya mshahara unaozidi pauni 25,000, na kinachobaki hufutwa baada ya miaka 40. Una riba. Sheria ya mwaka 2017 iliruhusu mfumo mbadala usio na riba, na miaka yote hii vijana na wazazi wao wamebaki wakiusubiri. Uamuzi ni wako na wa shekhe unayemwamini. Ila kwa anayeukataa mkopo, moduli ya bure na misamaha ya ada ndiyo njia yenyewe, kwa hiyo aombe kila kinachomfaa na aombe mapema.

Fomu nyingi zitataka maelezo binafsi. Hapa tunajipunja, kwa sababu tumelelewa tusijieleze shida mbele ya watu. “Napenda elimu tangu utotoni” haimwambii msomaji kitu. Andika hivi: “Nilimaliza kidato cha nne Muheza, ada ya kuendelea ikakosekana. Nina miaka minane katika nyumba ya wazee, sasa nafundisha wafanyakazi wapya kunyanyua wagonjwa. Nataka kusomea kazi ya ustawi wa jamii. Nalea watoto wawili peke yangu, na siku zangu za kusoma ni Jumanne na Alhamisi.” Hakuna aibu ndani yake, na anayegawa pesa anaona itakwenda wapi. Angalia tu jambo hili: ufadhili ulioandikwa kuwa wa “carers” mara nyingi ni wa wanaouguza ndugu nyumbani bila malipo, kuajiriwa kwenye kea hakukuingizi humo.

Majina nayo yakague leo. Cheti cha mtihani cha NECTA (Tanzania) au KNEC (Kenya) kina Mwanaidi Salim Juma, pasipoti ina Mwanaidi Salim, hati ya ndoa ina jina la mume. Tafuta kiapo cha kisheria kinachoyaunganisha wakati huna haraka.

Maombi ya kozi hizi kwa kawaida hupelekwa chuoni moja kwa moja, si kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vikuu. Ukipata nafasi, ulizia ofisi ya fedha za wanafunzi kama kuna basari ambayo haikutangazwa kwako na mfuko wa dharura. Kama unapokea Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, mweleze mshauri wako wa kazi kabla pesa haijaingia benki. Na yeyote anayekudai “ada ya usajili” ili akutafutie ufadhili kwenye kundi la WhatsApp, usimtumie hata senti, awe ni mtu wa kwenu au la.