Somo: Kutembelea matuta ya makaburi ya kale kwenye vilima vya chaki, Avebury (Uingereza)

Wakuu, wengi wetu tulioko huku tukitaka kuona mambo ya kale tunakimbilia Stonehenge, tunalipa tiketi, tunapiga picha nyuma ya kamba, tunarudi nyumbani. Leo nawapeleka kwingine, mkoa huohuo wa Wiltshire: matuta ya makaburi yaliyotapakaa kwenye vilima vya wazi, bila kiingilio. Tatizo ni kwamba asiyejua kuyatazama atapita katikati yake akidhani ni kilima tu cha kondoo.

Hatua ya 1: Chagua saa, siku baadaye
Matuta haya yamenyeshewa na kulimwa kwa maelfu ya miaka, na mengine yamebaki kimo cha goti. Jua la mchana linayafuta kabisa machoni. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, hata kiuvimbe kidogo kinatoa kivuli na mtaro unaokizunguka unajitokeza. Mimi hupendelea majira ya baridi, nyasi zikiwa fupi, ila Desemba giza linaingia mapema: jua huzama karibu saa kumi jioni.

Hatua ya 2: Ramani
Tumia ramani ya Ordnance Survey, Explorer 157. Mambo ya kale yameandikwa kwa herufi za mtindo wa kizamani. Ukiona "Tumulus" au "Tumuli", hapo pana tuta la duara. "Long Barrow" ni tuta refu, na hayo ndiyo ya zamani zaidi.

Hatua ya 3: Usafiri na viatu
Kutoka London ni treni ya Paddington hadi Swindon, kisha basi namba 49 hadi Avebury. Vaa buti zenye meno. Chaki iliyolowa inateleza kama sabuni, na huko juu hakuna mti wa kukukinga upepo. Beba tochi.

Hatua ya 4: Anza na West Kennet
Toka kijijini kwa miguu kuelekea kusini. Njiani utaiona Silbury Hill, kilima kikubwa kuliko vyote vilivyojengwa na watu wa kale Ulaya. Usikipande, ni marufuku. Na ajabu yake, wamekichimba mara kadhaa tangu 1776 wakitafuta kaburi ndani yake, hawakulipata.

Vuka barabara ya A4 kwa uangalifu, magari pale hayana huruma, kisha panda hadi West Kennet. Tuta lina urefu wa takriban mita 100 na lilijengwa karibu mwaka 3650 KK, kabla ya mawe makubwa ya Stonehenge kusimamishwa. Ndani kuna vyumba vitano: viwili kila upande wa ujia na kimoja mwishoni. Mtu mzima anasimama wima. Vyumba vyenyewe vimechukua upande wa mashariki tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni chaki na udongo mtupu. Kwa hiyo kazi yote ile haikuwa ya kupata nafasi ya kuzikia. Walitaka lionekane, nami nadhani ndiyo maana likawekwa ukingoni mwa kilima. Chaki ikiwa mpya ni nyeupe pepe. Liwazie hivyo, bila nyasi.

Wachimbaji wa 1859 na wa 1955 hadi 1956 walikuta mabaki ya watu wapatao 36, wake kwa waume, wazee na watoto wachanga. Vipimo vya kaboni vinaonyesha wengi waliwekwa humo ndani ya kizazi kimoja hivi. Baadaye sana vyumba vikajazwa udongo na mlango ukazibwa kwa yale majiwe unayoyaona mbele.

Hatua ya 5: Malizia Overton Hill
Fuata njia za umma: mshale wa njano ni wa waendao kwa miguu, wa buluu na farasi wanaruhusiwa. Overton Hill ina matuta ya duara, madogo kwa umri, ya Enzi ya Shaba. Kwa mgeni hapa ndipo pazuri pa kujifunza, kwa sababu yako karibu karibu na yamesimama vizuri.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, kuingia kaburini na watoto si vibaya? Kwetu hatufanyi hivyo.*
Nakuelewa, dada. Mifupa haimo tena, na watu huingia kila siku. Mimi huingia kimya, natoka. Usiwashe mishumaa: masizi yake yanaharibu mawe, na wapo wageni wanaofanya hivyo kwa nia njema kabisa.

*Kigari cha mtoto kinapita?*
Hapana. Kuna mageti membamba na matope. Mbebe mgongoni.

*Naweza kwenda na kile kifaa cha kutafutia vyuma? Huenda kuna dhahabu.*
Ondoa wazo hilo, kaka. Matuta yanalindwa na sheria ya 1979, na kutumia kifaa hicho hapo bila kibali ni kosa la jinai. Dhahabu ipo, ila ilishachimbwa: ile ya Bush Barrow, karibu na Stonehenge, ilipatikana 1808 na sasa iko makumbusho ya Devizes. Basi lilelile 49 linafika huko.

*Na mbwa?*
Mfunge kamba, kondoo wapo. Mkirudi nyumbani jikagueni kupe, yeye na wewe, hasa nyuma ya magoti.

*Nikiwa na nusu siku tu?*
West Kennet peke yake, asubuhi. Silbury utaiona ukiwa njiani.