Somo: Kumwandikia wakala zana za studio (kumbuka hana masikio)

Assalam alaykum. Wengi mmeniuliza nimefanyaje mpaka wakala wa akili mnemba ananipangia treki za taarabu ndani ya REAPER (programu ya kurekodi na kumiksi muziki) huku mimi nafunga nyuzi za udi. Skripti za Lua (lugha ya programu), ambazo ndizo zana anazotumia wakala, zilinichukua siku mbili. Maelezo ya zile skripti, yale anayosoma wakala kabla ya kuzigusa, nayarekebisha mpaka leo.

Nianze na aibu yangu. Nilikuwa nyumbani Ng'ambo namiksi fidla, kanuni, kodiani na dumbak. Nikamwambia wakala, "Fidla iongeze desibeli 6" (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwenye maelezo nilikuwa nimeandika "weka_sauti: hubadilisha sauti ya treki", basi. Akaweka 6. Kumbe REAPER kwa ndani haihesabu desibeli, inahesabu mara ngapi: 1 ni sauti kama ilivyo, 2 ni nyongeza ya desibeli 6, 0.5 ni punguzo la desibeli 6. Sita yake ikawa nyongeza ya karibu desibeli 16. Mama alikuwa uani anakuna nazi, akauliza nani kamkanyaga paka.

Hatua ya 1: zana za kuangalia kwanza. Wakala haoni skrini yako. Mtengenezee orodhesha_treki, imrudishie namba, jina na sauti ya kila treki. Na treki zipe majina ya maana. "Audio 07" haimwambii mtu kitu, hata wewe mwenyewe baada ya wiki.

Hatua ya 2: andika kipimo, mipaka na mahali pa kuanza kuhesabu. Hii ndiyo iliyoniponya:

Jina: weka_sauti_ya_treki
Kazi: Huweka kiwango kipya cha sauti kwa treki moja. Haijumlishi na kilichopo.
Treki: namba nzima kuanzia 0. Treki 1 kwenye skrini ni 0 hapa.
Sauti: desibeli, kutoka -60 hadi 6.
Hurudisha: jina la treki, sauti ya zamani, sauti mpya.
Usiitumie kunyamazisha treki, tumia nyamazisha_treki.

Hesabu ya kugeuza desibeli, 10^(db/20), ifanywe na skripti. Usimwachie wakala. Na ule mstari wa "haijumlishi" msiuone mdogo: bila huo, ukisema "ongeza 2" anaweka 2, hata kama fidla ilikuwa -9.

Hatua ya 3: kosa liseme la kufanya. "Imeshindikana" humfanya arudie kilekile. Andika: "Treki 9 haipo. Zipo 0 hadi 7. Ita orodhesha_treki kwanza."

Hatua ya 4: tendua. Kila kazi ianze na Undo_BeginBlock na iishe na Undo_EndBlock, ili ukitendua mara moja yote yarudi.

Hatua ya 5: mpe maelezo mtu asiyejua studio ayasome. Popote atakapouliza, pana pengo. Binadamu akikwama huuliza, wakala hukisia.

Maswali ya wanachama

*Lazima nitumie MCP?*
Si lazima, ila inarahisisha. Ni itifaki (Model Context Protocol) ya kumuunganisha wakala na zana, iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, na kila zana ndani yake ina jina, maelezo na vigezo, yaani mambo haya haya. Maelezo yakiwa mabovu, itifaki haitakuokoa.

*Mimi napiga kanuni, Chake Chake. Bayati (moja ya maqamu) inataka robo toni, na MIDI, ile lugha ya noti za kompyuta, haina. Nimwandikieje?*
Swali zuri, maalim. Noti za MIDI ni 0 hadi 127, nusu toni kwa nusu toni, kwa hiyo robo toni unaipata kwa kupinda noti (pitch bend). Mpindo una nafasi 0 hadi 16383, katikati ni 8192. Kinanda chako kikiwa kimewekwa kupinda nusu toni 2 kila upande, kushusha robo toni ni kutoa 2048, yaani 6144. Tengeneza zana inayopokea senti, yaani sehemu za mia za nusu toni (hapa -50), na kugeuza yenyewe. Halafu andika wazi: "Mpindo huathiri noti zote za chaneli hiyo." La sivyo atapinda kanuni, na kodiani iliyo chaneli ileile itateleza nayo.

*Maelezo niandike Kiswahili?*
Mimi naandika Kiswahili na ananielewa, ila neno moja kwa kitu kimoja. Ukisema treki hapa na mstari pale, atadhani ni vitu viwili. Na saa ziangalieni. Nilimwambia ahifadhi nakala saa mbili usiku, akapanga saa nane usiku (02:00), watu wote wamelala na kompyuta imezimwa. Sasa kwenye zana ile nimeandika: "Saa ni za mfumo wa 24. Saa mbili usiku ni 20:00."